Rangi za Nguo na Shule za Mafundi

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii ilisemwa juu ya vyombo vya bahari, lakini yafaa pia kwa vitu vingi tuvionavyo kila siku pasipo kuviuliza asili yake. Mtu aendaye dukani kumnunulia mkewe kanga huona nyekundu, buluu na zambarau zimepangwa vizuri, akachagua, akalipa, akaenda zake. Hafikiri kwamba zamani rangi za namna ile zilitolewa katika majani, mizizi, wadudu na konokono wa baharini, tena kwa taabu kubwa. Wala hajui kwamba leo karibu zote hutengenezwa viwandani kwa elimu ya kemia, yaani elimu ya kutenganisha na kuchanganya asili za vitu.

Habari ya mabadiliko hayo ni habari ya shule zaidi ya kuwa habari ya nguo. Tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo bado laulizwa serikalini, shuleni na barazani kwa wazee: je, vyuo vikuu vifundishe mambo yatakiwayo na viwanda, au vifundishe elimu tu na kuacha viwanda vijitafutie mafundi? Na mzazi naye huuliza swali hilo hilo kwa maneno yake: "Mwanangu akisoma haya, kazi iko wapi?"

MWALIMU WA GIESSEN

Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Ujerumani haikuwa dola moja. Zilikuwa nchi nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtawala wake na hazina yake, mpaka zilipounganishwa mwaka 1871. Katika mojawapo ya nchi hizo, iitwayo Hesse, ulikuwako mji mdogo wa Giessen wenye chuo kikuu kisichosifika sana. Mwaka 1824 chuo hicho kilipata mwalimu mpya wa kemia, Justus Liebig, kijana wa miaka 21. Baba yake alikuwa muuza dawa na rangi mjini Darmstadt, na mtoto alikua kati ya chupa na mitungi ya duka lile. Baadaye alipelekwa Paris, akajifunza kwa mabingwa wa Ufaransa, kisha akarudi kwao kufundisha.

Siku zile desturi ya vyuo vikuu ilikuwa mwalimu kusema na wanafunzi kusikiliza. Liebig aliigeuza desturi hiyo. Alipewa nyumba iliyokuwa ya walinzi wa askari, akaifanya maabara, na kila mwanafunzi akatakiwa kushika vyombo kwa mikono yake mwenyewe, kupima, kuchemsha, kukosea na kuanza tena. Aliyekwisha kujua mambo ya msingi alipewa swali ambalo hata mwalimu hakulijua jibu lake, akaambiwa alitafute. Haikupita miaka mingi wanafunzi wakaja Giessen kutoka Uingereza, Ufaransa na hata Marekani.

Lakini mwanzo wake haukuwa rahisi. Alipotaka chuo kikuu kikubali kuwafundisha watengenezaji wa dawa, wakuu wa chuo walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya chuo kikuu ni kulea watumishi wa serikali, si kufundisha watu kutengeneza dawa, sabuni na pombe. Basi Liebig na wenzake wakaanzisha mafunzo hayo kwa nguvu zao wenyewe, na baada ya miaka kadhaa, yalipokwisha kupata sifa, yakakubaliwa kuwa sehemu ya chuo.

Twaomba msomaji aliweke moyoni jambo hili moja. Mwaka 1824 hapakuwa na kiwanda hata kimoja duniani cha kutengeneza rangi za nguo kwa kemia. Hapakuwa na tajiri aliyesimama mlangoni pa Giessen akisema, "Nipeni wakemia mia." Shule ilitangulia, na kazi ikaja nyuma yake.

KIJANA ALIYETAFUTA KWININI

Mwaka 1845 Waingereza nao walifungua chuo cha kemia mjini London. Hakikutoka katika hazina ya serikali, bali katika michango ya watu: wenye mashamba waliotumaini kwamba kemia itazidisha mavuno yao, wenye migodi, waganga na wafanya biashara. Mwalimu wake mkuu aliletwa kutoka Ujerumani, naye ni August Wilhelm Hofmann, mwanafunzi wa Liebig. Mwaka 1853 alipokelewa huko mwanafunzi wa miaka 15, jina lake William Henry Perkin, mtoto wa seremala aliyekuwa mjenzi wa nyumba.

Hofmann alipenda kuwaambia wanafunzi wake jinsi ingefaa kama kwinini ingeweza kutengenezwa kwa kemia. Sisi tuishio katika nchi za mbu twajua ugonjwa wa malaria. Na wakati ule dawa yake ilitoka katika magome ya mti mmoja wa Amerika ya Kusini, nayo ilikuwa ghali. Wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 1856 Perkin, naye ana miaka 18, alijaribu kuitengeneza kwao nyumbani, katika chumba kidogo alichokifanya maabara. Alitumia vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe, yaani ule uchafu mweusi unaobaki watu wakiisha kutoa gesi ya taa katika makaa.

Hakupata kwinini. Alipata tope jeusi. Mwingine angelimwaga nje na kunawa mikono. Yeye alikuwa amefundishwa kuangalia, basi alipoliosha kwa spiriti akaona imetoka rangi nzuri, mfano wa zambarau lililoiva. Akatia kipande cha hariri ndani yake. Hariri ikashika rangi, wala haikupauka kwa jua wala kwa sabuni. Akapeleka mfano kwa wapaka rangi wa Perth huko Scotland, nao wakamjibu kwamba kama rangi hiyo haitazidi mno bei ya nguo, basi amepata kitu chenye thamani kubwa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Kisha akaacha chuo, ingawa mwalimu wake hakupendezwa. Baba yake akatoa akiba yake, na ndugu yake Thomas akajiunga nao, wakajenga kiwanda mahali paitwapo Greenford Green karibu na London. Mwezi wa Januari mwaka 1858 Malkia Victoria alivaa nguo ya rangi hiyo ya zambarau katika arusi ya binti yake, na wanawake wa mjini wote wakaitaka.

KAZI YAHAMIA UJERUMANI

Sasa mtu angedhani kwamba Uingereza itakuwa bwana wa biashara hii siku zote. Uvumbuzi ulikuwa wake. Makaa ya mawe alikuwa nayo tele. Viwanda vya pamba vilivyohitaji rangi vilijaa Manchester na miji ya jirani. Meli zake zilikwenda kila bandari. Hata hivyo haikupita miaka ishirini kazi ikawa imehama.

Ilikuwaje? Kwanza, wale waliochangia chuo cha London walikuwa wametazamia faida ya haraka. Walipoona mwaka unapita na mwaka wa pili unapita, na mashamba yao ni yale yale, michango ikapungua. Mwaka 1853 chuo kikalazimika kuunganishwa na shule ya serikali ya migodi. Mwaka 1865 Hofmann mwenyewe akarudi kwao, kwa kuwa serikali ya Prussia ilikuwa imeazimia kujenga maabara kubwa za kemia Bonn na Berlin, ikamwita.

Pili, Ujerumani ilikuwa na wakemia wengi kuliko kazi za wakati ule. Zile nchi ndogo zilishindana kwa vyuo kama vijiji vishindanavyo kwa ngoma. Kila mtawala alitaka chuo chake kisifiwe, akawavuta walimu kwa mishahara na maabara mpya. Juu ya hayo vilikuwako vyuo vya ufundi, kama kile cha Karlsruhe kilichoanzishwa mwaka 1825, vya kufundisha wahandisi na wenye kazi za viwanda. Waliohitimu wakazidi nafasi zilizokuwapo, na baadhi yao wakavuka bahari kutafuta kazi Uingereza. Mmoja wao ni Heinrich Caro, aliyefanya kazi katika kiwanda kimoja cha Manchester tangu mwaka 1859 hata 1866. Huko alijifunza biashara ya rangi yote, ndani na nje, kisha akarudi kwao. Mwaka 1868 akaingia katika kiwanda kipya cha BASF kando ya mto Rhine, kilichoanzishwa mwaka 1865. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1863, vilikuwa vimeanzishwa vile vya Bayer na Hoechst. Hivyo elimu iliyoonekana kuwa nyingi kupita kiasi ikapata mahali pake.

Tatu, sheria. Mwaka 1877 Ujerumani ilitoa sheria moja kwa dola nzima ya kulinda uvumbuzi. Kabla yake wenye viwanda waliweza kuigana tu. Baada yake, aliyetaka kushinda alipaswa kuvumbua. Na aliyetaka kuvumbua alipaswa kuajiri wavumbuzi. Ndipo viwanda vikajenga maabara zao wenyewe na kuchukua wakemia kutoka vyuoni mwaka hata mwaka, huku vikiwapelekea walimu wa vyuo vikuu maswali yao, vifaa na fedha.

Mfano wa mashindano hayo ni rangi nyekundu iitwayo alizarini. Tangu kale ilitolewa katika mizizi ya mmea uliolimwa sana kusini mwa Ufaransa. Wajerumani wawili, Carl Graebe na Carl Liebermann, walipata njia ya kuitengeneza kwa kemia mjini Berlin. Caro alishirikiana nao kuirahisisha, na maombi yao ya hati yalifika London tarehe 25 Juni mwaka 1869. Perkin alikuwa amepata njia ile ile kwa akili yake. Ombi lake lilifika tarehe 26. Siku moja tu! Perkin aliendelea kwa miaka michache, akafaidika. Lakini mwaka 1874 akauza kiwanda chake, naye bado ni mtu wa miaka 36, akarudia utafiti wake. Katika sababu zinazotajwa, moja ni hii: kukipanua kiwanda kile kulihitaji wakemia wengi, na katika nchi ya Uingereza hawakupatikana.

Haifai kusema kwamba shule peke yake ndiyo iliyoamua jambo. Waingereza walikuwa na biashara nyingine nyingi zilizowaletea mali, basi wenye fedha hawakuona haja ya kungojea rangi. Lakini hilo nalo latufundisha kitu: aliye na mali leo hana haraka ya kupanda miti ya kesho.

NILI NA WAKULIMA WA CHAMPARAN

Miongoni mwa rangi zote za kale, iliyopendwa mno ni nili, buluu ya kukoza. Ndiyo rangi ya kaniki, nguo waliyoivaa mama zetu wa zamani shambani. Nili ilitoka katika majani ya mmea uliolimwa kwa wingi katika Bara Hindi.

Mwaka 1865 mwalimu mmoja wa Berlin, Adolf Baeyer, alianza kuchunguza asili ya nili. Mwaka 1880 aliweza kuitengeneza maabarani, lakini kwa gharama kubwa isiyofaa biashara. Kiwanda cha BASF hakikukata tamaa. Kilitumia fedha zipatazo Mark milioni 18 na miaka mingi ya majaribio. Hatua moja kubwa ilipatikana kwa bahati: walipokuwa wakipika nafthalini, ile dawa nyeupe iwekwayo masandukuni kufukuza nondo, kipimajoto kilivunjika, zebaki ikamwagika chunguni, na kazi iliyokuwa ya polepole ikaenda mbio. Tena hapa, kama katika tope la Perkin, bahati ilimkuta mtu aliyefundishwa kuiona. Mwaka 1897 nili ya kiwandani ikaingia sokoni. Ilikuwa imepita miaka 32 tangu Baeyer aanze. Ni tajiri gani angengoja hivyo, kama asingekuwa na vyuo nyuma yake?

Lakini tusisahau upande wa pili. Katika wilaya ya Champaran, huko Bihar, wakulima wa Kihindi walikuwa wamelazimishwa na wenye mashamba wa Kizungu kupanda nili katika sehemu tatu za kila sehemu ishirini za ardhi yao, wapende wasipende. Bei ya nili ilipoanguka kwa ajili ya ile ya Ujerumani, wenye mashamba hawakukubali hasara iwe yao. Waliwaambia wakulima, "Tutawafungua katika nili, lakini mlipe kodi kubwa zaidi," au wakawadai fedha nyingi kwa mara moja. Hivyo mkulima aliteswa na nili ilipokuwa na bei, akateswa tena ilipokosa bei. Mwaka 1917 Mohandas Gandhi alikwenda Champaran kusikiliza mashitaka yao, akaandika maneno ya maelfu ya wakulima, na mwaka 1918 sheria ikatolewa ya kukomesha kulazimishwa huko.

Mkulima wa Champaran hakujua habari za Berlin. Hakuna aliyemwambia kwamba katika mji wa mbali watu walikuwa wakijifunza kazi itakayoliondolea shamba lake thamani. Elimu ya watu wengine humfikia hata asiyesoma, nayo hufika bila kubisha hodi.

KWININI ILIYOPOTEA YAPATIKANA

Kuna jambo jingine katika hadithi hii lituhusulo sisi zaidi. Perkin alitafuta dawa ya malaria akapata rangi. Baadaye watu walitafuta rangi wakapata dawa ya malaria. Mwaka 1876 Heinrich Caro alitengeneza rangi ya buluu kwa ajili ya nguo. Daktari Paul Ehrlich aliona kwamba rangi hiyo hushika vijidudu vya malaria vitazamwapo katika darubini. Akawaza, Kama yavishika, huenda yaweza kuviua. Mwaka 1891 yeye na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa Berlin, nao wakapata nafuu.

Dawa hiyo haikushinda kwinini, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Kutoka katika maabara za viwanda vya rangi zikafuata dawa nyingine, hata mwaka 1934 ikapatikana klorokwini katika maabara za Bayer. Hiyo ndiyo dawa chungu ambayo watu wa Afrika Mashariki waliimeza kwa miaka mingi, mpaka vijidudu vilipoizoea, na Tanzania ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Wala mtawala wa Hesse hakujua, alipomlipa mshahara kijana Liebig, kwamba analipia kwa sehemu dawa ya mtoto wa Tabora au Kisumu.

WAINGEREZA WAAMKA

Waingereza hawakukosa waonyaji. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, Lyon Playfair, ambaye naye alisoma kwa Liebig, aliona vitu vya Kiingereza vimeshindwa katika mambo mengi, akawaandikia wenzake kwamba shule ndiyo sababu. Tangu mwaka 1881 hata 1884 tume ya serikali ilizunguka Ulaya kutazama shule za ufundi. Mwaka 1889 ikatoka sheria ya kuziruhusu halmashauri za wilaya na miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya elimu ya ufundi.

Fedha zenyewe zilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1890 serikali ilizidisha kodi ya pombe, ikakusudia kuwalipa fidia wenye vilabu watakaonyang'anywa leseni. Watu wenye kupinga ulevi wakapiga kelele kwamba haifai kumlipa muuza pombe. Shauri likaharibika, na fedha zikiwa zimekwisha kukusanywa, zikapewa halmashauri, nazo nyingi zikazitumia kwa shule za ufundi. Watu wakaziita fedha za wiski. Wasomaji wetu wanaojua madhara ya kilabu watafurahi kusikia kwamba mara moja angalau kilabu kilijenga shule.

Hata hivyo walikuwa wamechelewa. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Uingereza ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya rangi zake kutoka Ujerumani, hata za kutia nguo za askari wake. Adui ndiye aliyekuwa muuza rangi. Mwaka 1915 serikali ikatoa fedha kuanzisha kampuni ya rangi; mwaka 1916 ikaunda idara ya utafiti wa sayansi na viwanda, iliyowasaidia pia wanafunzi wenye kuchunguza; na tangu mwaka 1917 vyuo vikuu vya Uingereza vikaanza kutoa shahada ya udaktari wa utafiti, ambayo kabla ya hapo vijana walikuwa wakiifuata Ujerumani. Yaliyokataliwa kwa miaka sitini yakafanywa kwa miaka miwili, kwa sababu ya hofu.

UFUNDI BILA DHAMIRI

Kama tungeishia hapo, msomaji angedhani kwamba Wajerumani walipata kila jambo jema. La. Mwaka 1909 Fritz Haber alipata njia ya kutengeneza amonia kwa hewa, na mwaka 1913 BASF ikaanza kuitoa kwa wingi huko Oppau. Kwa njia hiyo hupatikana mbolea inayolisha watu wengi mpaka leo. Kwa njia hiyo pia zilipatikana baruti za vita. Na tarehe 22 Aprili mwaka 1915, karibu na mji wa Ypres, Haber huyo huyo alisimamia kufunguliwa kwa gesi ya klorini juu ya askari waliokuwa mahandakini.

Mwaka 1925 viwanda vikubwa vya rangi vikaungana kuwa kampuni moja, IG Farben. Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933, sheria ikatolewa ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali, na vyuo vikuu vikiwamo. Haber, aliyekuwa wa jamaa ya Kiyahudi, akajiuzulu, akaondoka, akafa ugenini mwaka 1934. Msomaji akumbuke kwamba Caro na Liebermann, waliowapa Wajerumani ile alizarini, nao walikuwa Wayahudi. Nchi iliyojenga utajiri wake kwa kuwakusanya wenye akili sasa iliwatawanya. Na kampuni ile, wakati wa vita vya pili, ikajenga kiwanda karibu na Auschwitz, ikawatumikisha wafungwa hata kufa. Wakuu wake walishitakiwa Nuremberg mwaka 1947, na baadhi yao wakafungwa.

Basi tukisema kwamba chuo kitumikie kiwanda, yatupasa kuuliza pia kiwanda chamtumikia nani. Waliofanya mabaya hayo hawakukosa ufundi. Walikuwa na ufundi mwingi.

NA HUKU KWETU

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Makerere, ambayo leo ni chuo kikuu kinachojulikana duniani, ilianza mwaka 1922 kwa vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kisha ikapanda daraja kwa daraja, hata mwaka 1949 ikawa chuo cha kutayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Ilipopanda, kazi za mikono zilihamishiwa mahali pengine. Watu wengi wakajifunza kutokana na mfano huo, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba kupanda daraja ni kuacha randa na msumeno.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikaanza na elimu ya sheria, wala si ajabu, kwa maana nchi mpya yataka wanasheria. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Wakati huo reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa tangu mwaka 1970, chini ya wahandisi Wachina, na vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Uchina kusoma kazi za reli. Hapa kazi ilitangulia na shule ikaja nyuma, kinyume cha Giessen. Na mwenye kutangulia kazi bila shule hana budi kuazima mafundi.

Mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kijana amalizaye sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili elimu na kazi zisitengane. Shauri hilo lilikuwa na hekima ndani yake, lakini pia lilikatiza masomo ya sayansi na hesabu kwa vijana waliokuwa katikati ya mwendo, na baadaye likaachwa. Mwaka 1994 Tanzania ikatunga sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyowataka waajiri watoe sehemu fulani kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, ili mafundi wafundishwe. Huo ni mwendo wa haki, kwa maana anywaye maji ya kisima na achangie kukichimba.

Twaweza sasa kumjibu yule mzazi. Akiuliza, "Kazi iko wapi?" tusimdanganye kwamba elimu huleta kazi yenyewe, kama mvua iletavyo majani. Wajerumani waliohitimu walikosa kazi kwao, wakaenda kuwatumikia wageni. Kilichowarudisha ni viwanda, sheria na serikali iliyokuwa tayari kuwapokea. Nchi isomeshayo vijana na kukosa kuwaandalia mahali hupanda miche na kuwaachia mbuzi. Lakini nchi ingojayo mpaka tajiri aje na orodha ya mafundi awatakao, ndipo ianze kujenga shule, itamkuta tajiri amekwisha kwenda kwa jirani, kama rangi ya Perkin ilivyokwenda.

Na sisi walimu wa shule ndogo tunalo fungu letu. Hatuna maabara za Bonn. Lakini mtoto aweza kufundishwa katika darasa la udongo kutazama kitu vizuri, kupima, kuandika alichokiona na si alichotazamia kukiona, na kutomwaga tope kabla ya kuliosha. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mwalimu asiyechoka na mzazi asiyemtoa mtoto shuleni kwa sababu faida haijaonekana mwaka huu.